SADC na Vita Viwili kwa Mpigo

Agosti 2003, hapa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, walitia saini mkataba wa kulindana: akishambuliwa mmoja, wote wachukue hatua. Ahadi hiyo ni njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ndugu zangu, deni la ulinzi hulipwa kwa askari, ndege na fedha, na tulipodaiwa mara mbili kwa mpigo tulishindwa kulipa.

Julai 2021 SADC ilipeleka jeshi Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kupambana na wauaji wale wale ambao Oktoba 2020 walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Nchi nane zilichangia. Desemba 2023, kazi hiyo haijaisha, jumuiya ikapeleka jeshi jingine mashariki mwa Kongo kuwakabili waasi wa M23. Safari hii walijitokeza watatu tu: Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, ambao wote tayari walikuwa na askari Msumbiji. Mei 2024, askari wa SADC wakifungasha kuondoka Cabo Delgado, wauaji hao wakauvamia mji wa Macomia mkoani humo.

Kongo nako mambo yakaharibika. Mwaka 2013 nchi hizi hizi tatu, chini ya Umoja wa Mataifa, ziliisaidia Kongo kuwashinda M23, zikiwa na helikopta za kivita na ugavi wa uhakika. Januari 2025 vijana wetu walikuwa katika miji ya Sake na Goma, mashariki mwa Kongo, bila msaada wa kutosha wa anga. Goma ikaanguka. Askari wa nchi zote tatu wakauawa, waliosalia wakazingirwa kambini. Machi 13 wakuu wakaifuta kazi yenyewe, na askari wakarejea kwa barabara kupitia Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameitaja kuwa inawasaidia M23. Fedheha hiyo iliniuma, na bado inaniuma.

Wapo wanaosema mshika mbili moja humponyoka, basi tujitoe kote. Sikubaliani nao. Adui hangoji zamu, na umoja unaoweza kumlinda mwanachama mmoja tu hauna maana kwa wa pili. SADC ina wanachama 16. Kwa nini mzigo wa Kongo uliachiwa watatu? Mkataba unamruhusu kila mmoja kuchangia kwa namna anayoona inafaa, na mlango huo ndio wengi walioutokea.

Enyi wakuu wetu, ufungeni mlango huo! Kila nchi itaje mapema kikosi itakachotoa na ndege itakazorusha, na mfuko ujazwe kabla askari wa kwanza hajaondoka. Visipopatikana, mwambieni anayeomba msaada kwamba hamuwezi, naye atafute pengine mapema, kama Msumbiji ilivyoiita Rwanda, ambayo mwaka 2021 ilifika siku chache kabla yetu. Na ninyi waheshimiwa wabunge, kikosi kingine kikitajwa, ulizeni kwa sauti: nani atawatoa majeruhi, kwa helikopta ya nani?