Somo la miamba lifundishwe mwambani

Mwanafunzi wa Mwanza hukariri darasani kwamba itale ni mwamba moto uliopoa chini ya ardhi, kisha hurudi nyumbani akipita kando ya majabali ya itale pasipo mtu kumwonyesha kuwa ndiyo hayo. Hasara hiyo inaepukika. Somo la miamba lifundishwe mwambani.

Miamba moto yote hutokana na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka. Inatofautiana kwa sababu kuu mbili: magma ilibeba madini gani, na ilipoa kwa kasi gani.

Ya Mwanza iliganda kilomita kadhaa ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Joto lilitoka polepole mno, hivyo chembe za madini zikapata muda wa kukua. Mtoto akishika kipande kilichovunjika karibuni ataziona bila hadubini: kwatzi ya kijivu, felispa nyeupe au ya waridi, na maika nyeusi inayometa juani. Baadaye mmomonyoko uliondoa tabaka za juu, majabali yakabaki wazi.

Karibu na Naivasha, Kenya, mambo ni kinyume. Zaha, yaani magma iliyofika juu ya ardhi, yenye silika nyingi ilipoa haraka kiasi kwamba chembe hazikuwahi kuumbika, ikawa obsidia: kioo cheusi ambacho kikipasuliwa hutoa makali kama wembe. Miaka 300,000 hivi iliyopita, watu wa Olorgesailie, pia nchini Kenya, walikuwa wakitumia obsidia iliyoletwa kutoka mbali kutengenezea zana.

Madini nayo huleta tofauti: volkano ya Nyiragongo, huko Kongo, ina zaha yenye silika kidogo, nyepesi, inayokimbia. Januari 2002 iliingia mpaka katikati ya Goma. Leo mawe yake meusi, yenye vitundu vilivyoachwa na gesi, yamejengewa kuta za nyumba mjini humo.

Volkano ya Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ni ya pekee kabisa. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa zaha ya kaboneti kama yake, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lile la zaha ya basalti. Hutoka nyeusi, na ndani ya siku chache unyevu wa hewa huigeuza nyeupe.

Utajiri huu uko mlangoni petu. Shule zilizo jirani na miamba zitoke angalau mara moja kwa mwaka, zilizo mbali zipate vipande vya kushika mkononi, na halmashauri zitenge majabali machache ya kufundishia kabla hayajaisha kuvunjwa kokoto.