BINTI NAYE ANA JIBU

Askari akiitwa gwarideni huitika, na sauti yake husikika hadi upande wa pili wa uwanja, awe mwanamume au mwanamke. Darasani mambo sivyo yalivyo. Mwalimu aulizapo swali, wavulana hudakia jibu kabla ya kuitwa. Wasichana hunyoosha mikono, wakangoja, kisha mikono ikashuka polepole.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Huko Marekani, Myra na David Sadker walifuatilia madarasa kwa miaka mingi, na katika kitabu chao cha mwaka 1994 walieleza kwamba wavulana walidakia majibu mara 8 zaidi ya wasichana. Lililotusikitisha zaidi ni kwamba mvulana akidakia, mwalimu alilipokea jibu lake. Msichana akifanya vivyo hivyo, alikumbushwa kwanza anyooshe mkono. Kosa moja, onyo kwa mmoja! Kikosini, afisa wa namna hiyo angeulizwa.

Tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote uanze mwaka 1997, mabinti wa nchi yetu wamejaa madarasani. Lakini kujaa si kusikika. Wapo wasemao kwamba ukimya ni adabu ya mtoto wa kike. Sisi hatukubaliani nao. Binti aliyefunzwa kwa miaka 7 ya shule ya msingi kwamba sauti yake haihitajiki, ndiye huyo huyo atakayesimama mbele ya meza ya polisi, akitakiwa aeleze jinsi alivyodhulumiwa. Ataulizwa, naye atatazama sakafu. Konstebo asiye na subira atafunga kitabu, na mhalifu atalala nyumbani kwake.

Dawa moja haina gharama. Katika miaka ya 1970, mtaalamu Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi hungoja jibu kwa sekunde 1 hivi. Wakingoja sekunde 3, wanafunzi wengi zaidi hujibu, hata waliodhaniwa kuwa wazito.

Wakufunzi wa vyuo vya jeshi na polisi, ambako wanawake huketi benchi moja na wanaume, yafaa nao wajihesabie: katika kipindi cha leo ni nani aliyeitwa, na ni nani aliyekatizwa? Na mzazi askari, arudipo kutoka lindoni, amwulize binti yake alisema nini darasani leo, kisha angoje.