Shambulio linapotokea, nani azungumze kwanza?

Jumamosi ya Septemba 21, 2013, watu wenye silaha walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Watu 67 waliuawa katika shambulio hilo lililodumu siku nne. Risasi zikiwa bado zinarindima, kundi la Al-Shabaab la Somalia lilitangaza kupitia mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, kwamba ndilo lililohusika. Akaunti yake ilipofungwa, lilifungua nyingine na kuendelea kutamba.

Tangu siku hiyo, serikali nyingi za nchi zinazoendelea zimekuwa zikijiuliza kama mitandao ya kijamii ni silaha ya magaidi au ni msaada kwa raia. Jibu ni kwamba ni vyote viwili, na kinachoamua zaidi ni mwenendo wa serikali yenyewe.

Pale Westgate, baadhi ya watu waliojificha madukani walitumia simu kuwaeleza jamaa zao mahali walipo. Wito wa kuchangia damu ulienea kwa haraka, na misururu mirefu ya watu ikaonekana jijini.

Hata hivyo, taarifa za viongozi hazikuaminika kwa muda mrefu. Jumatatu, Septemba 23, Wizara ya Mambo ya Ndani iliandika katika Twitter kwamba inaamini mateka wote wamekwisha kuachiwa. Mapambano hayakutangazwa kumalizika hadi jioni ya siku iliyofuata. Waziri alisema washambuliaji walikuwa kati ya 10 na 15, lakini baadaye ilibainika kuwa walikuwa wanne. Katika hali hiyo, ndugu aliyekuwa akisubiri habari za mwanawe hakujua amwamini nani.

Ni kweli kwamba zipo habari ambazo hazifai kutolewa. Katika mashambulio ya Mumbai, India, Novemba 2008, ambayo yaliua watu 166, wauaji walikuwa wakielekezwa kwa simu na wenzao waliokuwa Pakistan, ambao walifuatilia operesheni ya vikosi vya usalama kwa kutazama televisheni. Mwaka 2012, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivikemea vituo vya televisheni kwa matangazo hayo. Leo kila mwenye simu ya kisasa ni kituo cha matangazo, hivyo hatari hiyo imeongezeka.

Lakini kuzima mitandao si dawa. Baada ya mabomu ya Sikukuu ya Pasaka kuua zaidi ya watu 250 nchini Sri Lanka, Aprili 2019, serikali ilifunga Facebook na WhatsApp kwa hofu ya uvumi na ghasia. Waliojua mbinu za kukwepa kizuizi waliendelea kuwasiliana, ilhali wananchi wa kawaida walinyimwa njia ya kuwatafuta ndugu zao. Nako Kenya, kifungu cha sheria ya Desemba 2014 kilichobana uchapishaji wa habari za ugaidi kilibatilishwa na mahakama Februari 2015.

Wananchi wanaweza kujizuia bila kushurutishwa. Hoteli ya DusitD2 ya Nairobi iliposhambuliwa Januari 2019 na watu 21 kuuawa, Wakenya wengi walihimizana mitandaoni kutosambaza picha za marehemu, na wakalishutumu vikali gazeti la The New York Times lililozichapisha.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Serikali isiyosema lolote, au inayosema lisilo kweli, humwachia muuaji nafasi ya kuwa msemaji. Inachopaswa kuficha ni mahali askari walipo na njia wanayopita. Idadi ya waliokufa, hospitali walikopelekwa majeruhi na barabara zilizofungwa ni haki ya umma, na pale ambapo ukweli haujajulikana, serikali iseme hivyo waziwazi.