Mama, Mpe Mwanao Jina Hilo



Mama mmoja ameniuliza kama ni vibaya kumwita mwanawe Ebedmeleki. Ukoo umelikataa: "Hilo mbona kama la Kiislamu?"

Soma Yeremia 38. Nabii ametupwa shimoni, anazama matopeni. Ni Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika mwenzetu, aliyemwendea mfalme kumtetea. Kisha akamteremshia kamba pamoja na matambara ya kuweka makwapani, asiumie. Katika sura ya 39 Mungu anaahidi kumwokoa, kwa kuwa alimtumaini.

Kwa Kiebrania jina lake ni "mtumishi wa mfalme". Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, ndiyo maana linafanana na Abdulmalik wa jirani yako hapa Mji wa Kale. Kufanana huko kusikutishe.

Akina Daudi na Petro tunao tele. Ebedmeleki katika Biblia nzima ni mmoja tu. Mimi nasema: mama, mpe! Ila mfundishe na kazi ya jina hilo.

Na wewe mpendwa, wiki hii unamteremshia nani kamba?

Mungu akubariki. Sema Amina.