Mada Haina Hatia

Desturi ya kuwapa wapigapicha neno moja kwa wiki imeenea pakubwa tangu kamera za dijitali zilipoingia mikononi mwa watu wengi. Hutajwa neno: maji, kivuli, kusubiri, mlango. Kila mmoja hushika njia yake, na zikitimia siku saba huleta picha moja mbele ya wenziwe. Wapo wanaoibeza desturi hiyo. Hudai kwamba msanii hapangiwi la kutazama, kwamba mada ni zoezi la watoto wa skuli, na kwamba picha ya kweli humjia mpigaji bila ya kuitwa. Dai hilo limevishwa joho la uhuru. Ukilivua, ndani yake utakuta uvivu.

Ajabu ni kulisikia dai hilo katika visiwa na mwambao uliolelewa na mashairi ya kujibizana. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mshairi alitupa jambo na mwenziwe akalipokea, na mara nyingi akalijibu kwa vina vile vile. Desturi hiyo ikaingia hata katika kurasa za magazeti. Hakuna aliyesema kwamba mjibuji kanyimwa uhuru kwa kuwa jambo alilikuta. Hapo hasa ndipo kipaji kilipopimwa: wote wameshika jambo moja, sasa nani kaona ambacho wenziwe hawakukiona? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini nywele hazilinganishwi mpaka vilemba vivuliwe. Mada ndiyo inayovua vilemba.

Historia ya upigaji picha nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1935, Marekani ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, Roy Stryker alikabidhiwa kitengo cha serikali cha kupiga picha za hali ya wakulima. Aliwapelekea wapigapicha wake orodha za mambo ya kutafuta. Mwezi Machi 1936 Dorothea Lange alimkuta mama na wanawe katika hema huko Nipomo, California. Akasogea hatua kwa hatua mpaka uso na mkono wa mama yule ukaijaza picha. Majira ya joto ya mwaka huo huo Walker Evans alikuwa Alabama, katika nyumba za wakulima wa pamba, akipiga vitanda, viatu, na vijiko vilivyochomekwa ukutani. Umasikini ulikuwa ule ule, na picha za wote wawili zikaingia katika hazina moja. Mmoja kauona umasikini katika paji la uso, mwengine katika ubao wa ukuta. Nani aliyefungwa na mada hapo?

Kilichoziua picha katika kitengo kile ni kitu kingine. Katika miaka ya mwanzo, picha isipompendeza Stryker, filamu yake ilitobolewa tundu ili isitumike kamwe. Filamu hizo zimehifadhiwa, na zikichapishwa leo, doa jeusi la duara huonekana usoni mwa mkulima au katikati ya anga. Tundu lile halikutobolewa na mada. Lilitobolewa na mkono wa mwenye kuamua ipi iishi na ipi ife.

Siku hizi mwenye kutoboa ni makofi. Mpigapicha hutazama ni picha gani iliyosifiwa wiki iliyopita, kisha wiki hii huirudia kwa jina jengine. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mpigapicha akisifiwa, machweo huyatia wekundu. Picha asiyoipiga kwa kuogopa kutosifiwa ndiyo iliyotobolewa, na aliyeitoboa ni yeye mwenyewe.

Litazamwe neno "mlango" hapa Zanzibar. Likitajwa, kinachorudi kinajulikana kabla ya wiki kwisha: mbao zilizonakshiwa, njumu za shaba, na mtoto anayepita mbio mbele ya kizingiti. Picha ya namna hii ni ukoo mmoja na kadi za posta zilizouzwa mjini na studio za A. C. Gomes na Coutinho zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Zile zilifanywa zipelekwe Ulaya melini, kwa watu ambao mlango wa Mswahili kwao ulikuwa kioja. Mpigapicha aliyezaliwa nyuma ya mlango huo ana udhuru gani wa kuutazama kama abiria aliyeshuka melini?

Tena neno lenyewe limemrahisishia kazi. Kwa Kiswahili mlango si mbao tu. Mlango ni tawi la ukoo. Mlango ni sura ya kitabu. Upo mlango wa bahari, na ipo milango mitano ya fahamu. Mwenye kamera angeweza kuwapiga ndugu wa mlango mmoja waliotawanyika baina ya Pemba, Mombasa na Muscat. Angeweza kupiga vidole vya kipofu vikisoma ukuta. Angeweza kupiga kizingiti cha zahanati alfajiri, wajawazito wakiwa wameketi nje. Kila moja ya picha hizo ni mlango, na hakuna mgeni anayeweza kuipiga kabla ya mwenyeji, kwa sababu inaanzia katika lugha.

Jambo hili si la urembo. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ni miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha mno mjini, aghalabu kutoka upande wa Forodhani, saa ya jua zuri. Tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Zile picha za uso wa jumba hazikumwambia mtazamaji neno juu ya hali ya kuta na dari zake. Picha haizuii jengo kuanguka. Lakini mji unaojizoeza kutazama upande mmoja tu wa kila kitu, saa moja tu ya siku, unajizoeza pia kutoona nyufa.

Watasema wapigapicha kwamba mtalii ndiye mnunuzi, na tumbo halijui falsafa. Ni kweli, na hakuna anayewalaumu kwa kuuza. Siku sita na ziwe za soko. Mada ya wiki inaomba siku moja tu ambayo mpigapicha hatamuuliza mnunuzi anataka nini.

Wanaoendesha vikundi hivyo nao wana wajibu wao. Picha zitundikwe bila ya majina na bila ya kura. Badala ya kuuliza ipi nzuri, waulize ipi imeona kisichoonwa na nyengine. Picha kumi zikirudi na mlango ule ule, neno lisibadilishwe. Wapewe wiki ya pili, na ya tatu, mpaka njumu za shaba ziwachoshe na walazimike kubisha hodi.