Kipindi Kilichoporwa

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Mafuta huanza kujikusanya katika kuta za mishipa ya damu tangu ujanani, ingawa maradhi ya moyo hubisha hodi utu uzimani. Ndiposa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Misuli inayotumika huteketeza sukari iliyo damuni, na hivyo kupunguza hatari ya kisukari cha aina ya pili.

Je, shule za Kenya zafanyaje? Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo ratibani, lakini aghalabu hutwaliwa na Hisabati mtihani ukaribiapo. Aidha, mwanafunzi hufunzwa darasani madhara ya sukari, kisha kantini ya shule ikamuuzia soda. Huko ni kutwanga maji kinuni. Mpango wa siha usiogusa ratiba wala kantini ni hotuba tupu. Walimu wakuu na wakirejeshe kipindi hicho uwanjani; asiyeziba ufa hujenga ukuta.