MAPAFU YETU HAYAKUHESABIWA

Ndugu wanachama wa Tawa,

Twasikia sifa za alumini mpya "isiyo na moshi". Kabla ya kupiga makofi, na tuangalie kazi yenyewe.

Tangu 1886 alumini hufanywa kwa njia moja. Unga wa alumina hutiwa ndani ya chumvi iliyoyeyuka, kriolaiti, yenye moto wa nyuzi 960 hivi, kisha umeme mwingi hupitishwa. Umeme huingilia kwenye anodi, nayo ni bonge la makaa. Kila tani ya alumini hula kilo 400 na zaidi za makaa hayo, ikitoa gesi ya kaboni. Bonge hilo huokwa kwa lami, na waokaji huvuta mvuke wake. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya kutengeneza alumini katika kundi la zile ziletazo saratani bila shaka.

Je, wenye viwanda waliharakisha? La. Ni mwaka 2018 ndipo Alcoa na Rio Tinto walipounda ELYSIS huko Kanada, ili watumie anodi isiyoliwa, itoayo oksijeni. Apple walitia fedha, na serikali za Kanada na Quebec zikatia za wananchi. Mnunuzi alitaka mali safi, mfuko ukafunguka. Mfanyakazi alikohoa miaka yote hiyo!

Twakubali kazi ni ngumu. Chumvi ile hula karibu kila madini, na anodi ya madini ikilika huichafua alumini. Tena yadai umeme zaidi. Umeme huo ukitoka kwa makaa ya mawe, moshi umehama tu. Na wale waokaji wa makaa, watapewa kazi gani? Hilo halimo katika sifa.

Mtauliza, Tawa yahusikaje? Kenya haina kiwanda cha namna hiyo. Lakini mafundi wa jua kali huyeyusha sufuria kuukuu na vyuma vya injini juu ya makaa, moshi usoni, bila glavu wala barakoa. Hao hawana mnunuzi tajiri wa kuwaombea. Wanayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayohusu kila mahali pa kazi, hata chini ya mti.

Basi twataka mkaguzi wa serikali afike kwenye vibanda vya kuyeyushia, asiishie viwanda vya mjini. Twataka vifaa vya kujikinga vilipwe na mwenye kazi, visikatwe katika mshahara. Kila mwanachama alete mkutanoni jina la kibanda anachokijua.